Wanakuja Kunipa Pole, na Mwanangu Yu Hai

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakusihi uisome barua hii redioni kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku wageni wanakuja nyumbani kwangu kunipa pole ya msiba, na msiba wenyewe haupo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mume wangu anafyatua matofali, na nyumba yetu imeezekwa nyasi. Nyasi naitaja kwa sababu ndiyo iliyotuingiza kwenye haya. Walikuja watu wa shirika fulani, vijana wapole wenye vizibao, wakapita nyumba kwa nyumba wakiangalia mapaa, mwenye bati wakamruka, mwenye nyasi wakamwandika, wakasema tutatumiwa pesa kwa simu, si mkopo, hairudishwi, tuifanyie tunachotaka. Simu wakatupa wao wenyewe. Mimi kusoma najua lakini simu ilikuwa inanishinda, kidole kinakwenda huku na macho yako kule, basi binti yetu mkubwa, wa darasa la sita, ndiye aliyeishika, akabonyeza, akaweka namba ya siri, na wakatupiga picha mlangoni yeye akiwa mbele na simu mkononi anacheka.

Pesa ikaingia kweli. Mshauri, sitakudanganya, ilitufaa, tulinunua godoro, tukanunua sare za shule, watoto wakawa wanakula mchana na jioni pia, na mimi nikajaa mashavu mpaka mume wangu akanitania kwamba ameoa mke wa pili bila kutoa mahari.

Halafu nikaenda mashineni kusaga. Kwenye foleni mke wa mwenye mashine, ambaye kwao kuna bati kwa hiyo hawakupata kitu, akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe mwenzetu, umeona wapi mtu anagawa pesa hivi hivi tu? Hao wanachukua mtoto. Na wanamchukua yule aliyeishika simu siku ya kwanza, ndiyo maana wakampiga picha." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini ule unga sijui hata niliufikishaje nyumbani.

Nikamsimulia mume wangu nikitegemea atanizomea. Hakunizomea. Alikwenda kunawa udongo mikononi, akarudi akasema, "Mama watoto, huyu mtoto aondoke." Kesho yake akampeleka mjini kwa dada yake mwenye mgahawa, akamwagiza wifi yangu asimruhusu kutoka nje wala kwenda shule mpaka hizi pesa ziishe kutumwa. Mimi nilimfungia nguo zake, nikamwambia anakwenda kumsaidia shangazi kidogo tu.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mama mmoja wa ofisini kwao akapiga simu kutujulia hali, maana huwa wanauliza kama tunakula, kama tunalala vizuri, kama watoto wanasoma. Mume wangu akapokea. Yule mama akauliza, "Na binti yenu mkubwa, yule mcheshi aliyetushikia simu, anaendeleaje?" Nilimwona mume wangu midomo inamcheza. Akasema, "Huyo alifariki." Mshauri, alilisema hilo neno huku ananitazama machoni mimi niliyemzaa. Baadaye akaniambia eti wakijua hayupo duniani hawatamtafuta.

Kumbe yule mama alilia. Akasema Alhamisi watakuja wenyewe kutupa pole. Na siku iliyofuata simu ikatoa mlio, kutazama ni rambirambi, wamechangishana ofisini. Nifikirie, mshauri: nimetumiwa pesa kwa ajili ya kifo cha mwanangu. Yale ya mashineni yametimia! Ile rambirambi sijaigusa, simu nimeizungushia kanga nikaitia ndani ya debe la nafaka. Gari likisikika barabarani nawaita wadogo waingie ndani. Naogopa kwamba baba yake amemtamkia kifo na kifo kimesikia. Juzi simu ikalia humo humo debeni, nikapiga yowe, kumbe ni yeye, kwa simu ya shangazi yake, akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?" Nikakata.

Naomba uniambie, wakija niwalilie? Nikilia ni kama namzika mwenyewe, na nisipolia watajua tumewadanganya, watatufunga. Usinitaje. Mume wangu hukisikiliza kipindi chako akiwa tanuruni na hajui kwamba nimeandika.

Ni mimi, mama mwenye hofu.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama mpaka chai ikapoa, na mimi si mtu wa kuacha chai. Nianze na swali lako: usilie. Hata chozi moja usilitoe. Matanga ya mtoto anayeosha masufuria mjini hayapo, na wewe usiyaanzishe.

Hofu yako siicheki. Mtu aliyehenyeka maisha yake yote, ambaye kila alichowahi kupewa kilirudi kudaiwa, akipewa cha bure lazima atageuka kutazama nyuma kuona nani anakuja kukidai. Hata mimi ningegeuka. Lakini ulipaswa kugeuka, ukatazama, ukauliza. Namba ya ofisi mnayo kwenye simu. Mngewauliza hao hao wenye vizibao, "Mnataka nini kwetu?" Nyinyi mkaliacha jibu likatoka kwenye foleni ya unga.

Na huyo mke wa mwenye mashine simlaumu kama unavyotegemea. Huenda hilo bati walilipata kwa kujinyima miaka, halafu siku ya neema ikaja, wakarukwa kwa sababu ya bati hilo hilo. Hilo linauma sana, na shirika linafaa lilisikie. Ila uchungu wake si habari, mwanangu. Wewe ulibeba uchungu wa mtu pamoja na unga wako ukaja kumlisha mumeo.

Hebu nikuulize sasa. Mtoto wako amechukuliwa na nani? Wale vijana hawajamgusa. Yule mama wa ofisini amemlilia. Aliyemshika mkono akamtoa nyumbani ni baba yake. Aliyemfungia nguo ni wewe. Aliyemtoa shuleni ni nyinyi wawili, na aliyemkatia simu ni mama yake mzazi. Mlichokiogopa kimeshatokea, na mmekifanya kwa mikono yenu. Naona umeguna. Guna, nami nilipofika hapo niliguna.

Na wewe fundi uliye tanuruni, usizime redio! Najua unampenda binti yako, mtu asiyempenda mtoto hamfichi. Lakini hofu yako umeiachia ikusemee, na imesema neno baya. Neno hilo halina nguvu ya kumuua, mtulize mkeo kwa hilo. Kinachomuumiza mwanao sasa hivi ni kukaa jikoni kwa watu huku wenzake wanasoma, akijiuliza kosa lake ni lipi.

Leo ni Jumatatu. Mama, ukimaliza kunisikiliza toa hiyo simu kwenye debe, ipanguse, umpigie mtoto. Amekuuliza swali na hujamjibu. Mwambie, "Hujakosa kitu mwanangu, ni sisi tulioogopa." Kesho asubuhi, kabla hujachota hata maji, panda gari ukamlete. Nauli itoe kwenye zile pesa za msaada, hazina kazi nzuri kuliko hiyo. Ile rambirambi usiiguse, itarudi kwa wenyewe yote.

Wewe baba, ofisini utapiga wewe, usimsukumie mkeo. Mdomo uliosema alifariki ndio utakaosema yu hai. Usizunguke. Sema, "Nilidanganya kwa sababu niliogopa mtamchukua," halafu nyamaza usikilize. Watakukaripia, na wana haki, walilia kweli. Sidhani kama watakufunga kwa kukiri mapema na kurudisha chao, lakini kama watazikata zile pesa sitakuficha, wanaweza. Zikikatwa mtarudi kwenye matofali na mlo mmoja, na hilo ni gumu, nalijua ugumu wake. Mlo mmoja mliwahi kuula mkiwa sita.

Na Jumatano binti arudi darasani na sare yake, pesa ya sare hiyo mlishaitoa. Wenzake wakimuuliza alikuwa wapi, aseme alikuwa kwa shangazi, ni kweli.

Waombeni wale wageni Alhamisi waje vilevile. Mpelekee habari mke wa mwenye mashine naye aje, akae mbele, aulize mwenyewe kwa nini mwenye bati alirukwa na pesa hizi zinadai nini. Na wewe uliza lako kwa sauti, watu wote wasikie wanavyojibu. Jibu likiwa na kona kona, rudisheni simu yao mkiwa wote sita mmesimama hapo.

Najua utaniambia mtakosa pa kuziweka nyuso zenu gari lao likisimama. Huna haja ya kuandaa maneno, mwanangu. Mwache binti awe wa kwanza kutoka mlangoni, pale pale alipopigwa picha, awaamkie. Wakishaitikia "marahaba", watakuwa wamejionea kwa macho kwamba yu hai.