Matabishi ya Mulunda

Kalemie, baada ya mvua

Ndugu yangu Mulunda,

Nakusalimu kutoka kwetu, ambako nimepokewa kama mtu mashuhuri: hakuna aliyenijua. Miaka yote huko Kigoma niliwaambia wajukuu kwamba Kalemie nzima itainuka nikishuka melini. Walioinuka ni wabeba mizigo.

Leo nimewapeleka sokoni wauone uzawa wangu kwa macho. Unakumbuka matabishi, ile konzi ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambayo muuzaji humwongezea mwenyeji juu ya kipimo. Muuzaji, mama wa rika letu, alijaza kopo, akalipangusa kwa kiganja kwa uangalifu wa mfamasia.

"Mama, na matabishi? Mimi muzaliwa wa hapa."

"Wageni wote njo wanasemaka vile, Papa."

Wajukuu wakaanza kuvichunguza viatu vyao kwa heshima kubwa. Sikuwa na la kufanya ila kulitaja jina lako.

"Mulunda wa kuruka mu ziwa kule bandarini?" Akanitazama upya, akacheka. "Kumbe weye njo ule alikuwa analinda nguo zake."

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani. Akaongeza konzi moja iliyojaa, akaniagiza nikufikishie. Samahani, tumeila na bukari, ugali wetu wa muhogo, na wajukuu sasa wananiita Mlinzi.

Goti lako lipone upesi, uje mwenyewe. Maji ni yaleyale, na nguo zako nitazilinda.

Mwenzako,
Kabulo