Namba Mkononi mwa Binti Yetu

Mume wangu,

Sisi hatujambo, na paa limeacha kuvuja. Sikukuu ya taifa tulikwenda uwanjani na dada yako, anayemlea binti yetu nikiwa zamu hospitalini. Wifi alimwandikia mtoto namba ya simu mkononi kwa kalamu, asije akapotea. Kweli, gwaride lilipoanza akatuponyoka. Askari alimpata, akapiga ile namba. Simu iliyolia ilikuwa ya wifi.

"Mama yake ni nani hapa?" askari akauliza tulipomfikia.

Mtoto akamrukia wifi shingoni.

Nilishukuru kwa mdomo, moyoni wivu ukinichoma kama pilipili. Nyumbani nilimsugua mkono ule kwa sabuni mpaka akalia, akimwita shangazi yake.

Usimwambie dada yako.

Mimi mkeo, mama yake.