Mlima wa Moto Jikoni kwa Ma Leokadia

Jumatatu, 3 Machi

Nimechapa tena. Darasa la tano, nusu yao, kila mmoja mbili za kiganjani. Fimbo imepasuka ncha. Kiingereza kipindi cha pili, habari ya milima ya moto, kurasa mbili na picha moja. Kusoma wanasoma, hawakosei hata nukta. Nikauliza: ni kitu gani kinachousukuma moto utoke juu? Mugisha akasimama, akaanza kukariri tangu mstari wa kwanza. Nikamkatiza. Akarudi mwanzo. Nikamuuliza wa pili, naye vilevile. Wa tatu vilevile. Hapo ndipo nilipochukua fimbo.

Mkaguzi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Mzungu, anatoka Bukoba. Akiridhika na darasa langu, nafasi ya kufundisha Kiingereza kule mjini ni yangu. Hedimasta ameniambia waziwazi. Miaka sita niko huku Muleba na matope yake. Nimechoka. Nitawachapa mpaka waelewe.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeacha Kiingereza kidogo, nikauliza kwa Kiswahili: habari hii inahusu nini? Mugisha akasema: "Jehanamu, mwalimu." Darasa zima likatikisa vichwa kukubali. Moto chini ya ardhi, mawe yanayeyuka, watu wanakimbia huku wanaungua. Mambo hayo wameyasikia kwenye katekisimu tangu wadogo.

Mugisha akauliza mtu mbaya ni nani katika hadithi hii. Nikamwambia si hadithi, ni habari ya kitu kilichopo duniani, hakuna mtu mbaya. Akafikiri. Akauliza: basi wale walioungua walikosa nini? Nikampiga kofi. Damu ikamtoka puani, akaifuta kwa mkono, akakaa.

Jioni nimekaa na swali lake. Mtoto hana kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna maandishi yasiyo na dhambi wala malipo, yanayoeleza tu kitu kilivyo. Nami sikumwambia, nilimpiga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadili mwendo. Fimbo nimeiweka juu ya kabati.

Nimenakili habari ile kwenye karatasi, nikaikata vipande, sentensi moja moja, nikawapa wapange: kipi kwanza, kipi kinafuata, kipi mwisho. Ala! Wamepigana. Wavulana wawili wamegombania kipande cha majivu yanayoanguka, mmoja kamng'ata mwenziwe sikio. Lakini waligombana kwa sababu kila mmoja alijua kipande kile kinakwenda wapi. Nimewatenganisha kwa mateke, nikafurahi moyoni.

Halafu nikaazima chungu cha ebitoke, ndizi za kupika, jikoni kwa hedimasta, kikichemka, kimefunikwa majani ya mgomba. Tukakizunguka. Majani yanapanda, yanashuka. Nikauliza kuna nini chini yake. Mvuke! Wote kwa pamoja. Nikawapa neno lake la Kiingereza, na safari hii neno lilikuwa na kitu ndani.

Kemilembe akanyoosha mkono. Ni mmoja wa wasichana watatu tulio nao, hajawahi kusema bila kuulizwa. Akasema chungu hiki hakiwezi kuwa mlima, kwa sababu majani yanaupitisha mvuke. Mpaka mdomo uzibwe kwa udongo kabisa. Hapo mvuke ukikosa njia, chungu hupasuka.

Nikamuuliza amejuaje. Akakunja mkono wa gauni. Ngozi kutoka kiwiko hadi kifundo imejikunjakunja, inang'aa. Kiganja cha mkono huohuo nilikichapa Jumatatu.

Sikuuliza zaidi. Najua kwao. Mama yake ni Ma Leokadia, mjane, nyumba ya chini ya kanisa. Anachukua rubisi, pombe ya ndizi, iliyokwisha kuchacha, anaipika kwenye chungu kilichozibwa, mvuke unapita kwenye bomba jembamba ndani ya maji baridi, upande wa pili yanadondoka machozi makali. Pombe ya moshi. Serikali imepiga marufuku na gerezani wanakwenda kweli. Najua kwa sababu nakunywa pale. Kwaresima hii pia.

Jumatatu, 10 Machi

Wameelewa! Nasema wameelewa, si kukariri. Nimechora mlima uliokatwa katikati, kwa mkaa na majivu, uwanjani. Nikamsimamisha mtoto kwenye kila sehemu, ajieleze kwa Kiingereza yeye ni nani na anafanya nini. Mugisha alikuwa mwamba unaoyeyuka. Akalala chini akagaagaa, akasema sentensi tatu, zote sahihi. Nimecheka mpaka machozi.

Kemilembe nimemtengea jibu la mwisho. Mkaguzi akiuliza kwa nini mlima hupasuka, yeye ndiye atakayesimama. Tumetunga pamoja maneno yake: Mama yangu huziba mdomo wa chungu kwa udongo. Mvuke hutafuta njia. Njia ikizibika, chungu hupasuka, kama mlima. Kiingereza safi. Mfano wa nyumbani, Wazungu wanaupenda sana.

Akasita. Akauliza: "Mwalimu, lazima niseme ni mama?" Nikamwambia ndiyo, habari ya kweli husemwa kwa ukweli. Akaangalia chini. Nikaishusha fimbo kabatini, nikapiga meza. Akasema yote bila kukosea.

Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya siku nyingine. Aliuliza, na nilipiga meza.

Ijumaa, 14 Machi

Siku kubwa. Mkaguzi alifika asubuhi, viatu vimejaa tope. Mkuu wa gombolola letu, mtawala na hakimu wa eneo hili, akaja naye, kanzu na koti, akapewa kiti cha mbele. Hajui Kiingereza hata kidogo.

Watoto waliwaka. Mkaguzi akauliza huku na huku, akavuruga mpangilio makusudi, wakamjibu. Akauliza kwa nini mlima hupasuka. Kemilembe akasimama wima, akasema. Mzungu akacheka kwa furaha, akapiga makofi, akamuuliza ameona wapi hayo. Nyumbani, akajibu, kwa mama. Mzungu akaandika kwenye kitabu chake, akanigeukia, akasema nimweleze na mheshimiwa naye afurahi.

Mkuu wa gombolola akainama kwangu. "Amesema nini huyu, mwalimu?"

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema ebitoke. Ningeweza kusema maziwa, maharage, chochote, nani angejua? Lakini kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa sifa. Nikatafsiri kwa Kihaya neno kwa neno, kwa sauti ya kuhutubia. Udongo. Mvuke. Mdomo uliozibwa. Na bomba nikaliongeza mwenyewe, mtoto hata hakulitaja, ili mheshimiwa aone nimelifahamu somo.

Akatabasamu. Akauliza jina la mama wa mtoto. Nikamtajia.

Jumamosi, 15 Machi

Mwandiko mbaya leo.

Nilikwenda kwa Ma Leokadia mchana kusherehekea. Ndiyo, kunywa. Nimefika kwenye migomba nikasikia kelele. Askari wa gombolola, wanne, na virungu. Walikuwa wamekwisha kumtoa nje wakimburuta kwa nywele. Walimpiga mgongoni, mbavuni, alipoanguka wakampiga miguuni. Chupa zikavunjwa moja moja ukutani. Mbuzi akapigwa kirungu cha kichwa, bure tu, alikuwa amesimama pale. Kemilembe aliwang'ang'ania, wakamtupa kwenye miiba ya uzio.

Chungu kilikuwa motoni, kimezibwa. Ma Leokadia akapiga kelele wasikiguse. Akajikokota kwenda kuuondoa moto. Askari mmoja akalipiga teke bomba likapinda, kisha akakipiga chungu chenyewe kwa kirungu.

Kilipasuka chote kwa mara moja. Askari alipata mkononi. Ma Leokadia alipata usoni, shingoni na kifuani. Sijapata kusikia mtu akilia vile. Mbwa wote wa kijiji walinyamaza.

Nilikuwa nyuma ya migomba. Sikutoka. Walipoondoka na bomba lao la ushahidi, watu wakaja, wakamlaza kwenye majani ya mgomba wakambeba kwenda zahanati ya misheni. Nami nikatoka upande mwingine kana kwamba ndio kwanza nafika. Mwoga. Mimi ni mwoga, na ni mimi niliyewaita.

Jumatatu, 17 Machi

Kemilembe hakuja shuleni.

Aliyekuja ni mjomba wake, Ta Rwegasira, katikati ya kipindi cha pili. Hakubisha hodi. Akaichukua fimbo juu ya meza yangu. Akauliza watoto: "Huyu ndiye anayewachapa?" Akanipiga. Ya kwanza ilinipata sikioni. Mabegani, mikononi, usoni. Fimbo ilipovunjika akatumia ngumi, nilipoanguka akatumia miguu. Jino limetoka. Sikuinua mkono. Ningeinua kwa ajili gani?

Mugisha ndiye aliyesema, kama anayemwambia baba yake, "Basi, tata, inatosha." Ta Rwegasira akakaa kwenye dawati la mbele, mtu mzima yule, akalia. Kisha akaniambia Ma Leokadia jicho moja limekufa, na Alhamisi baraza linaketi juu yake. Akiweza kusimama, atapelekwa gerezani Bukoba. Mtoto atabaki na nani? Mdomo ulikuwa umejaa damu.

Jumatano, 19 Machi

Barua ya mkaguzi imefika. Darasa langu limesifiwa kuliko yote aliyoyaona. Nafasi ya mjini ni yangu, nianze baada ya Pasaka.

Nimeisoma nimesimama. Kukaa naumia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda barazani. Watu wengi, mvua inanyesha, wamejazana chini ya paa. Ma Leokadia hakuwepo, hawezi kuinuka. Bomba lilikuwa mezani, limepinda.

Karani akasoma shitaka. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikasema chungu kile ni changu. Bomba ni langu. Nilimwagiza mama yule anitengenezee mfano wa mlima wa moto kwa ajili ya somo, yeye hakujua ni cha nini, alitii kwa kuwa mimi ni mwalimu wa mtoto wake. Hata mkaguzi amelisifu somo lenyewe, barua hii hapa.

Mkuu wa gombolola akauliza kilichokuwa ndani ya chupa. Maji, nikasema. Lo, watu walicheka! Walicheka hadi wakashikana mabega. Nusu yao walikunywa maji yale pamoja nami. Yeye hakucheka. Aliniuliza mara ya pili, taratibu, kama ninajua ninachosema. "Waitu, mheshimiwa, najua," nikasema. Mara ya tatu akauliza kwa nini basi Ijumaa sikusema ni changu. Nikajibu: kwa ujinga wangu.

Akaandika. Chungu kikiwa changu na kosa ni langu. Mama ameachiliwa. Mimi viboko sita, palepale uwanjani, na habari zangu zipelekwe Bukoba. Wakanilaza kwenye matope. Aliyechapa ni yule askari mwenye mkono ulioungua, alitumia ule mzima. Nilipiga kelele kila kimoja. Nilikuwa nadhani mtu mzima anaweza kunyamaza.

Sidhani kwamba nimelipa. Naandika tu kilichotokea.

Jumamosi, 22 Machi

Hedimasta ameleta barua mwenyewe. Nimefutwa. Nafasi ya mjini wamempa mwingine, cheti changu wanakichukua. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nitarudi Kanazi kwa baba, kwenye kahawa. Nina hasira na kila mtu leo. Na mkaguzi na cheko lake, na mkuu wa gombolola, na Kemilembe pia, kwa kujua Kiingereza vizuri mno. Nimeandika, ndivyo ninavyohisi. Kesho huenda ikapungua.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imekatika. Nimepita zahanati kabla ya kuondoka.

Ma Leokadia amelala upande wa dirisha, uso umefungwa, jicho moja zima limeachwa wazi. Aliniona. Akaligeuza ukutani. Sikumlaumu, nikakaa kwenye benchi nikiegemea upande mmoja.

Kemilembe alikuwa anamwosha shingo kwa kitambaa, polepole, akipuliza anapogusa. Sista anasema ndiye anayefanya kazi yote. Nikamwambia mama hatakwenda popote sasa, arudi shuleni, mwalimu mpya ni mpole kuliko mimi. Nafasi yake ipo. Mugisha amemwekea daftari lake.

Aliendelea kuosha. Kisha akasema, bila hasira, bila kunitazama:

"Mwalimu, nikiulizwa swali nitajibu nini?"

Maji kwenye beseni yalikuwa yamechafuka, nikayachukua nikaenda kuyabadilisha.