Fahali Aliyeruka Ua

Chebet mjukuu wangu,

Habari ya Kabianga? Huku Sigor mahindi yamechanua, na nyanya yako bado ananinyima sukari. Shangazi yako alijifungua msichana. Alivuja damu nyingi, lakini hospitali ilikuwa na damu kwenye friji, na sasa anakula kuliko mimi.

Unaniuliza kama utoe damu hapo chuoni, na unaogopa kudhoofika. Nikiwa kijana, tulikunywa maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe. Siku moja baba alichagua fahali mwenye nguvu, mimi nikashika pembe, naye akamdunga mshipa wa shingo kwa mshale. Tulipojaza kibuyu, nilimhurumia fahali nikamkatia majani. Kurudi, hayupo! Alikuwa ameruka ua, yuko kwa ng'ombe wa jirani.

Baba alicheka sana. "Wewe ulidhani anaandika wosia?" Lakini hakumtoa damu tena mpaka msimu mwingine.

Basi wakikupima wakakuona uko sawa, toa. Aliyemsaidia shangazi yako hatumjui. Labda ni mwanafunzi tu, naye aliogopa.

Ukimaliza, unywe chai, na tafadhali usiruke ua.

Babu yako