Akaunti ya Marehemu Juvenali

Jumatatu, 16 Juni 2025
Agizo kutoka makao makuu ya shirika, Mwanza: hadi Ijumaa niwe nimesafisha kanzidata ya wagonjwa wa TB. Kila mtu abaki na ruhusa ya kazi yake tu, walioondoka wafungiwe. Wafanyakazi tuko kumi na tisa. Kwenye mfumo wamo arobaini na mmoja! Macho yananiuma.

Jumanne, 17 Juni
Nimefungia wote walioondoka, isipokuwa mmoja. Juvenali nilimwacha mwisho — tulikaa meza moja hapa Ngara miaka minne, tukamzika Kasulo mwezi wa tatu. Nikatazama akaunti yake. Imetumika leo, saa moja na nusu asubuhi. Nikasoma tena.

Jumatano, 18 Juni
Simu iliyotumika iko Nyakanazi. Huko tuna mtu mmoja tu: Recho, muuguzi anayefuatilia madereva wa malori na wahudumu wa gesti. Nikampigia. Hakukana. Juvenali alimpa neno lake la siri. Bila majibu ya makohozi hajui amfuate nani.
"Niliomba akaunti yangu mara tatu, dada Eustakia. Hukujibu."
Nimetafuta kwenye barua pepe. Zipo. Januari, Februari, Aprili. Nilipaswa kuzipeleka Mwanza. Sikuzifungua hata moja.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwomba bosi, Danstan, asukume akaunti ya Recho leo — kusoma tu, wagonjwa wa Nyakanazi tu. Akasema akaunti mpya huchukua wiki mbili. Nikasema wiki mbili dereva anakohoa kwenye kebini ya lori na utingo wake. Akasema anaelewa. Akarudi kikaoni.

Ijumaa, 20 Juni
Saa tisa alasiri nimeifunga akaunti ya Juvenali. Nilidhani nitalia. Nilipiga miayo.
Saa kumi Recho akapiga. Kuna dereva, Havyarimana, alipimwa Jumatatu. Anajaza mafuta, jioni hii anavuka Kabanga kwenda Burundi. "Nisomee majibu tu, dada."
Kusoma majibu kwenye simu ni marufuku. Mwongozo huo niliuandika mimi. Nikafungua jalada. TB ipo. Nikamsomea.
Saa kumi na mbili akapiga tena: lori limeegeshwa, dereva amekasirika lakini ameanza dawa. Utingo atapimwa kesho.

Jumatatu, 23 Juni
Mwanza wameuliza kwa maandishi: kwa nini akaunti yangu, mimi nisiyetibu mtu, ilifungua jalada la mgonjwa Ijumaa saa kumi na dakika nne? Nijibu kabla ya saa sita mchana.
Danstan amepita mezani. Kasema niandike nilikuwa najaribu mfumo, yataisha. Ni kweli, yataisha. Na Recho atabaki hivyo hivyo, bila akaunti.
Niliandika: "Muuguzi wa Nyakanazi aliomba ruhusa tangu Januari, nami sikumjibu." Nikafuta.
Nimeiandika tena, neno kwa neno. Saa sita kasoro dakika kumi. Bado sijatuma.