Kioo cha Rubani

Bagamoyo,
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi Ishaka,

Asalaam aleikum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kidonda cha mkono kimekauka vizuri, hakichomi tena asubuhi kama kilivyokuwa kikichoma ulipokuwa hapa. Mfikishie Mjomba Shuaibu shikamoo yangu, yeye na wote wa hapo Fukayosi. Huku hatujambo. Bibi Esha magoti yanamsumbua lakini mdomo ni ule ule. Baba yupo, anashona nyavu zake barazani na kusema maneno machache kama kawaida yake. Mimi matokeo ya kidato cha nne yametoka, alhamdulillah nimefaulu, na sasa nasubiri kupangiwa shule.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani. Hata ingepatikana, unanijua. Ningesalimia, ningenyamaza, halafu salio lingeisha. Siku ulipoondoka nilisimama nyuma ya mlango na maneno yote mdomoni, na nikabaki nayo. Mtoro, yule dereva, anakuja huko kupakia mananasi, ameahidi kukukabidhi barua hii pamoja na kibiriti kilichofungwa kwa uzi. Nakuomba sana usikifungue kibiriti kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na habari za Fundi Mwinyijuma. Alikuja hapa nyumbani kutoka Kerege, wiki chache baada ya wewe kuondoka. Alimweleza Baba kwamba alikutumia ujumbe urudi karakana, na wewe ukamjibu kwamba fundi asiyeweza kushika patasi ni mzigo kwa wenzake, meza yako ampe mtu mwingine na vyombo vyako viuzwe. Alisema meza hajampa mtu, na vyombo amevifunga kwenye gunia lake mwenyewe. Lakini Ramadhani ikiingia, kazi za Idd zitamzidi, vitanda na makabati ya watu, na hapo itabidi aweke mtu mwingine penye meza yako. Hakusema kwa ukali. Alisema akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai, sikuweza hata kutoka.

Sasa habari za ndege. Lile boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha ulilopewa na yule mzee wa Mapinga uliyemtengenezea kabati la vioo, uliniambia niwape watoto wa madrasa wachezee. Sikuwapa. Nilikuwa nakuona ulivyokuwa ukilifungua kila Ijumaa, unavitazama vipande bila kuvikata, unasema utaianza kazi hiyo utakapopata nafasi ya kuifanya vizuri. Halafu mashine ya kuranda ikachukua vidole vyako viwili, na boksi likabaki juu ya kabati.

Kaka, ile ndege ni ngumu. Ni jeti ya kivita yenye mikia miwili iliyosimama, vipande vyake vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama ndizi kwenye chane, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, na maelezo yote ni ya Kijapani. Nilifuata picha. Nilidhani mkono unaochora hina na piko kwenye maharusi utaiweza kwa urahisi, na kweli kiti cha rubani na dashibodi yake nilivimaliza bila taabu, nikajiona fundi. Lakini siku ile Fundi Mwinyijuma alipoondoka, niliingia chumbani kwako, nikafunga mlango, na kuanza tena kwa namna nyingine. Namna yenyewe nitakueleza mbele.

Tangu hapo kazi ikawa nzito. Vipande vilikuwa vinaniponyoka. Nilikuwa nafagia chumba mara nyingi kuliko ninavyofagia uwanja. Kombora moja liliruka likapita dirishani, na kabla sijatoka, kuku wa Bibi alikwisha lidona. Tulimfukuza mpaka kwa jirani bila mafanikio. Bibi akasema kuku huyo sasa asisogelewe na mtu, ana silaha. Kwa hiyo ndege yako ina makombora matatu, usije ukadhani nimesahau moja.

Chausiku, unamkumbuka, binti wa jirani ninayechora naye hina, alikuja akanikuta nasugua kiungo cha bawa kwa msasa. Alinicheka mpaka akakaa chini. Alisema nashika msasa kama kaa aliyeiba kijiko, na kama mkono wangu umekuwa hivyo basi nisiguse miguu ya bibi harusi yeyote, tutafukuzwa wote wawili. Nilisubiri atoke, nikaendelea kusugua.

Palipobaki nyufa nilikata mabaki ya fremu, nikayaloweka kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha mpaka yakawa kama uji mzito, nikaziba, nikaacha pakauka, nikasugua tena. Wewe ulinifundisha bila kujua. Ulikuwa ukisema ufa hauzibwi siku ile ile unayousugua.

Halafu nikafanya kosa kubwa. Kwenye picha palikuwa na alama ya jiwe dogo karibu na pua ya ndege, na mimi nikaona ni pambo. Nikafunga pua, nikabandika, nikasugua mpaka kiungo kikapotea. Nilipoisimamisha juu ya magurudumu, ndege ilikaa kwa makalio, pua juu, kama mtoto anayegoma kwenda chuoni. Kumbe pua inatakiwa ijazwe uzito. Ilibidi niipasue kwa kisu pale pale nilipojisifu. Nililia, sikufichi. Baba alinisikia. Alisimama mlangoni akaitazama ile ndege iliyokaa chini, akatoka, akarudi na chubwi za risasi za kuzamishia alizozichomoa kwenye wavu wake, zile ndogo kabisa. Akaziweka mezani na kusema hizi zinaingia puani. Kisha, akiwa tayari amenipa mgongo, akauliza kama Ishaka ataiona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutaja jina lako tangu uondoke. Nikamwambia ataiona.

Rangi nilinunua ya kijivu, ya kupuliza, kule wanakonyoosha mabodi ya magari. Mara ya kwanza nilipuliza siku ya mvua, na rangi ikapauka nyeupe kama kioo kilichopata ukungu. Nikaisugua yote. Mara ya pili nilisubiri siku tatu za jua, nikapuliza kidogo kidogo, na ikatoka safi. Chausiku mwenyewe alikuja, akasema hii ndege nzuri, haya, ni nzuri, na akaenda zake.

Hapo ndipo Bibi alipoingia. Alimsikia Chausiku akisifia bila kusema Mashaallah, na roho haikutulia kwa kuogopa kijicho. Ilikuwa Alhamisi jioni, siku yake ya kufukiza nyumba, na chetezo kilikuwa na makaa mekundu. Mimi nilikuwa jikoni. Bibi alifukiza chumba, akafukiza nguo zako zilizobaki kwenye msumari, kisha akaichukua ndege na kuishikilia juu ya chetezo, akiizungusha na kuisomea kama anavyotufanyia sisi. Nilirudi nikakuta bawa la kushoto limelegea na kuinama kama jani la mgomba, na Bibi ameishika mikononi akisema ameharibu, ameharibu, alitaka tu kuikinga.

Kaka, siku ile nilitaka kuiacha. Nilikwisha ifunga kwenye gazeti. Bibi ndiye aliyenikataza. Alisema yeye amekwisha mwona mtu mmoja katika nyumba hii akiacha kazi yake kwa sababu ya ajali, na hana macho ya kumwona wa pili. Usimkasirikie. Hakusema kwa ubaya.

Nikachemsha maji, nikaliloweka bawa mpaka likalainika, nikalinyoosha, nikalibana kwenye jiriwa yako katikati ya vipande viwili vya mbao na kuliacha mpaka asubuhi. Likarudi. Ukitazama kwa karibu utaona bado lina kiwimbi kidogo. Nimekiacha.

Wakati huo huo Bibi aligundua jambo jingine. Alinishika mkono wa kulia akaona alama nyeupe zilizozunguka vidole viwili, na akaniuliza ni nani huyo aliyenivisha pete mbili kwa mpigo bila kuja kujitambulisha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwambia ni gundi. Sasa nakuambia wewe ukweli.

Siku ile Fundi Mwinyijuma alipotoka hapa na jibu lako, nilichukua plasta nikavikunja vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, nikavifunga kiganjani. Vile vile ambavyo wewe huna. Na ndege yote iliyobaki, kukata, kubandika, kusugua, kupuliza rangi, nimeifanya hivyo. Nilikuwa nafungua wakati wa sala na wakati wa kula, na kila nilipotoka chumbani ili watu wasijue. Chausiku siku ile aliponikuta, nilificha mkono chini ya msasa, ndiyo maana akaniita kaa.

Sikufanya hivyo ili nikuambie kwamba najua unavyojisikia. Sijui. Mimi nikichoka nafungua plasta, wewe hufungui. Mimi sikusikia maumivu yako, wala sikuacha kwenda kuswali jamaa msikitini kwa sababu sina kidole cha kunyanyua kwenye tahiyatu, wakati wa kutoa shahada. Mjomba alimweleza Baba jambo hilo, na Baba akasema nikikuandikia nikwambie kwamba shahada iko moyoni kabla ya kufika kidoleni. Nimekufikishia.

Nilifanya hivyo kwa sababu ulisema haiwezekani, na hapa hapakuwa na mtu wa kukujibu kwa hakika. Kila mtu alikuwa anakupa pole. Nilitaka niwe na jibu. Jibu lenyewe ni hili. Kibanio cha nyusi kinashikika kwa gumba na kidole cha pete, ila wiki mbili za kwanza mkono unauma mpaka kwenye kiwiko. Kisu kinatulia ukikiegemeza kwenye kidole kidogo. Msasa ufungwe kwenye kibanio cha nguo. Kopo la rangi libonyezwe kwa gumba. Kazi inachukua muda mara mbili, mara nyingine mara tatu. Na kuna mahali nilishindwa. Miguu ya gurudumu la mbele ilinishinda siku nne, na mwisho nilifungua plasta nikaiweka kwa vidole vyote. Ndiyo maana utaiona imenyooka kuliko sehemu nyingine yoyote. Singependa nikudanganye hata kwa hilo.

Juzi nilikwenda Kerege peke yangu. Niliibeba ndege kwenye kapu mpaka karakana, na mbele ya mafundi wote nikamwonyesha Fundi Mwinyijuma, na vidole nikavifunga mbele yake nikamwonyesha ninavyosugua. Wewe unajua hilo kwangu ni jambo la namna gani. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Aliigeuza ndege juu chini, akapitisha gumba kwenye viungo kama mnavyofanya. Halafu akasema kiungo cha bawa la kulia ni kibaya, kina ngazi, upande mmoja juu mmoja chini, na ningekuwa mwanafunzi wake angenirudisha nikasugue upya. Wenzake wakamwambia amhurumie mtoto wa watu. Akawauliza amhurumie kwa nini, kazi si ameileta yeye mwenyewe. Kaka, nilifurahi kuliko angenisifu. Nikaona ndivyo atakavyokufanyia na wewe. Atakugombeza. Akaniambia atasubiri mpaka mwezi uandame, siku moja zaidi hawezi.

Kiungo nimekwisha kisugua upya, kwa vidole vile vile. Ndege iko mezani kwako, imemalizika yote isipokuwa kitu kimoja. Sasa fungua kibiriti.

Hicho kilichomo kwenye pamba ni kifuniko cha kioo kinachomfunika rubani. Ndicho kigumu kuliko vyote. Ukikibandika kwa haraka gundi inakitia ukungu, ukikibinya kinapasuka, na hakuna cha akiba. Nimemchosha Baba masikio kwa maswali mpaka ametafuta gundi nyeupe isiyotia ukungu, iko hapa. Sijakijaribu, si kwa vidole vitatu wala kwa vitano. Hiki si changu.

Huko Fukayosi hakuna ndege ya kukibandikia, kaka. Itabidi uje nacho. Mtoro anarudi na mananasi Jumatano, na nimemwambia akuwekee nafasi mbele. Kibiriti ukishike mwenyewe, usikiweke mfukoni, na kwenye mashimo ya barabara mwambie aende taratibu.

Bibi anakusalimu na anasema atakufukiza ukifika, lakini ndege hataigusa. Baba anakusalimu. Kuku naye mzima, bado hajalipuka. Wasalimie wote wa nyumba ya Mjomba, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako ninayekusubiri barazani, si nyuma ya mlango,

Arafa Salumu