Yai la Wankyo

Butiama, 3 Juni

Mkwe wangu mama Wankyo,

Sisi wazima, mgongo tu ndio mkorofi. Bunda mmeamkaje? Naandika kwa sababu mkwe hagombezwi kwenye simu.

Jana Wankyo, ulipomleta kutusalimia, alinikuta na wageni tunakula mayai. Akasimama: "Babu, hicho chakula cha kujenga mwili. Wewe si ulishajengwa? Changu kiko wapi?" Miaka mitano! Nikamwambia kwetu wasichana hawalagi mayai, wataota ndevu. Akasema mwalimu hajasema hivyo. Mwalimu mwenyewe ni wewe.

Futa somo hilo, ama nitamlea mwenyewe.

Baba mkwe wako, Wanzagi

Bunda, 10 Juni

Shikamoo baba,

Pole na mgongo. Huku hatujambo.

Darasa la awali kila mtoto analetaga chakula cha kwao, anatueleza kinafanya nini mwilini. Isaya alileta dagaa, akala ushahidi. Wankyo alileta yai, nikalichemsha, wakaonja wote. Nasubiri msichana aote ndevu, bado.

Nakuheshimu, baba. Somo sifuti.

Mkweo, Lilian

Butiama, 17 Juni

Mama Wankyo,

Salamu. Jana nilipita kwako hapo Bunda, Manyamanyama, wewe uko Musoma kwenye semina. Dada wa kazi akanipa mtoto. Babu hanyimwi mjukuu. Sasa anakaa huku. Usimfuate.

Baba mkwe

Bunda, 18 Juni

Shikamoo baba,

Hali yako siulizi, naijua: unaye Wankyo. Kumnyima yai utaweza. Kumnyamazisha, jaribu.

Mkweo

Butiama, 30 Juni

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo.

Kila nikila yai, mtoto anakaa mlangoni na sahani tupu. Majirani wanapita, wanamuuliza babu amekuwaje. Jumanne nikampa. Akalikata katikati, nusu akampelekea bibi yake jikoni. Mama yenu akatafuna taratibu, akaja kunitazama. "Kumbe," akasema.

Njoo umchukue. Fundisha unavyotaka.

Baba yako

Bunda, 2 Julai

Shikamoo baba,

Pole na hiyo "kumbe". Nitamfuata shule zikifunguliwa, sio kabla. Shangazi zake wako hapo hapo na hawajaonja; mwache amalize kazi.

Kesho pokea trei ya mayai kwenye basi. Nimeandika jina la mama. Lako halimo.

Mkweo, mwalimu Lilian